Faili Niliyoiita Vyura

Mimi ni mtu wa kupenda kijani. Nasema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure. Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kujaribu mashine kabla hazijapelekwa kwa watu, na kompyuta yangu huandika matokeo kwa rangi mbili: kijani jaribio likipita, nyekundu likifeli. Siku ya kijani kutoka juu hadi chini nilikuwa nateremka ngazi nikiimba. Siku yenye nyekundu hata moja, mama wa kibanda cha chai pale nje alinimiminia kikombe bila kuniuliza habari za kazi.

Kampuni yetu ni vyumba viwili vya ghorofani mjini Nyeri, juu ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Tunatengeneza mashine za kuangua vifaranga. Ndani ya kila mashine mna kompyuta ndogo, ya kutosha kiganjani, inayosoma joto kupitia kihisi na kuwasha au kuzima hita. Tulikuwa watu watatu. Mwenye kampuni ni kijana wa Kerugoya, mdogo kwangu kwa miaka minne, tunayemwita Bosi kwa utani ambao siku hizi umekuwa jina. Wa pili ni mimi. Wa tatu tulimwita Afande.

Afande alikuwa polisi kweli. Alizaliwa Magharibi, uhamisho ukamleta Nyeri, na alipostaafu akabaki kwa kuwa watoto walikuwa shule. Katika utumishi wake wote hakushika rungu mara nyingi. Yeye alitengeneza redio na kukaa kwenye chumba cha mawasiliano akipokea taarifa za wenzake. Kuandika programu alijifunza mwenyewe, ukubwani, kwa kitabu cha kuazima na uvumilivu ambao mimi sina. Kwetu ndiye aliyeandika draiva, yaani programu fupi inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kile kihisi cha joto. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja, ukiisha mwisho wa Julai, na kitinda mimba wake alikuwa kidato cha tatu.

Sasa nieleze kazi yangu, kwa kuwa bila hiyo kosa langu halieleweki. Katikati ya kila kompyuta kuna programu kuu inayozisimamia nyingine, tunayoiita kernel. Kernel ni msemaji. Kifaa kikiunganishwa, inasema. Kikikataa kujibu, inasema. Ikitaka kufa, inasema sababu halafu inakufa. Maneno hayo huwekwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, na ubaya uko hapo, kwa sababu kompyuta ikiganda, maneno ya mwisho, ambayo ndiyo unayoyataka, yanapotea pamoja nayo. Kwa hiyo nilitoa waya mwembamba kwenye kila mashine ya majaribio ukaenda hadi kwenye kompyuta yangu, na kila neno lilipotamkwa lilinifikia papo hapo. Ni kama kuongea na mtu kwa simu: hata laini ikikatika, ulichokwisha kusikia unacho.

Majaribio yenyewe sikuyafanya kwa mkono. Niliandika programu inayowasha mashine, inapakia draiva, inasoma joto, inawasha hita, inaizima, inaondoa draiva, inakata stima, yaani umeme, kabisa, halafu inaanza upya. Mzunguko mmoja ulichukua kama dakika tano, na mizunguko ilikwenda mchana na usiku bila mtu. Mwisho wa kila mzunguko programu ilipitia maneno yaliyoletwa na waya. Ikikuta onyo au kosa, nyekundu. Isipokuta, kijani, na maneno ya mzunguko huo yakafutwa yasijaze diski.

Draiva zote nilizowahi kuzijaribu huandika maneno makavu ya Kiingereza, nusu yake namba. Ya Afande iliongea kama askari aliye kwenye redio. "Kihisi yuko hewani." "Joto limepokelewa." "Naondoka hewani." Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

"Afande, hii draiva yako itaomba likizo lini?"

"Dada, mtu akiongea aeleweke," akasema. "Mimi nimeona watu wakiumia kwa sababu ya ujumbe mtu hakuelewa."

Ujumbe mmoja ulikuwa mrefu kuliko mingine, na aliuweka kwenye daraja la onyo: "Kihisi hajibu. Naendelea na kipimo cha mwisho. Nasubiri amri." Huo nilianza kuuona wiki ya pili. Kila asubuhi, kama saa mbili na nusu, mwenye posho mill alipowasha mota yake, taa zetu zilififia kidogo kisha zikarudi. Mzunguko uliokuwa ukiendelea wakati huo ulitoka nyekundu, na ujumbe ulikuwa huohuo. Mzunguko uliofuata ulikuwa kijani kama kawaida.

Nilishuka nikamwambia mwenye posho mill habari za mota yake. Alinisikiliza, amejaa unga hadi kwenye kope, akaniuliza, "Sasa unataka nisage na mikono?" Nikapanda juu. Kesho yake, nyekundu. Kesho kutwa, nyekundu. Mimi nyekundu ya kila siku kwa saa ileile naiona kama mtu anayenichokoza kwa makusudi, na nilikwisha kujua sababu yake, au nilidhani nimekwisha kuijua. Sababu ilikuwa unga wa watu.

Nilikuwa na faili ndogo ya maneno ambayo programu yangu iliyapuuza. Kila mjaribu mashine anayo, maana kernel huongea hata upuuzi, na ukisikiliza yote hutamaliza kazi. Yangu niliipa jina la vyura. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na mimi nilijiona ng'ombe mwenye kiu. Ilikuwa na mistari mitatu isiyo na madhara yoyote. Asubuhi hiyo nikaongeza wa nne: "Kihisi hajibu. Naendelea na kipimo cha mwisho. Nasubiri amri." Nilikuwa natafuna mandazi. Nakumbuka kwa sababu mafuta yalibaki kwenye kibodi, nikayapangusa kwa kitambaa, na kupangusa huko kulinichukua muda mrefu kuliko kuuandika ule mstari.

Sikumwambia Afande. Si kwamba nilimficha. Niliona ni jambo dogo la meza yangu, mfano wa kufagia. Baada ya hapo ilikuwa kijani tupu. Kila Ijumaa nilichapisha ripoti nikaibandika ukutani, na Afande alisimama mbele yake na kikombe chake cha chai, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika. "Basi imekaa vizuri," alisema. Bosi alianza kuuza mashine.

Julai, ule mwezi wa baridi na ukungu usiotoka mpaka saa sita, simu ikapigwa kutoka Gakindu, kule Mukurweini. Alikuwa mama mmoja mjane tunayemwita Cucu, yaani nyanya, kama tunavyomwita kila mwanamke wa umri wake huku kwetu. Mashine ilikuwa nyumbani kwake lakini mayai yalikuwa ya kikundi cha wanawake. Kila mmoja huleta mayai yake ameyatia alama ya penseli, huyu duara, yule msalaba, mwingine jani. Kifaranga hatoki na alama, kwa hiyo siku ya ishirini na moja wanawake huketi kuizunguka mashine kutazama ganda gani linapasuka, na mwenye ganda ndiye mwenye kifaranga. Cucu alisema waliketi tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna ganda lililopasuka.

Bosi alimwomba amtumie rekodi ya joto kwa simu, kisha akatuita tuitazame. Kwa siku kumi na nane mstari ulipanda na kushuka kidogo, kama joto la kweli linavyofanya. Halafu, asubuhi moja, ukanyooka. Saa baada ya saa ulikuwa nyuzi thelathini na saba na nusu, bila kutikisika.

"Joto halinyooki hivi," Bosi alisema. "Kihisi ililala, na draiva ikaendelea kusoma namba ya zamani." Akageuka akatazama ripoti zangu ukutani, wiki baada ya wiki. "Na hapa imepita. Kila siku imepita. Kwa hiyo, Afande, ulibadilisha kitu baada ya test."

"Sijabadilisha," Afande akasema.

"Basi niambie hiyo kitu iliingia aje."

Afande aliinama akaitazama tena ile rekodi, kwa kuwa hata yeye hakujua. Bosi akanitazama mimi. "Kwako kulikuwa na shida yoyote?"

"Kwangu zote zilikuwa kijani," nikasema.

Nilisema kwa fahari. Sijui niliandikeje jambo hili lipungue ubaya, kwa hiyo naliacha lilivyo. Mtu mzima aliyenizidi miaka karibu ishirini alikuwa amesimama mbele yangu akiitwa mwongo, na mimi nilikuwa na furaha kwamba kazi yangu ilikuwa safi. Bosi akasema Ijumaa ataamua kuhusu mkataba, na kwa jinsi alivyosema kila mtu alijua amekwisha kuamua. Alhamisi nikatumwa Gakindu nikaangalie ile mashine, nije na ushahidi wa kumaliza maneno.

Cucu alinipokea na chai kabla hajanionyesha mashine. Ilikuwa kwenye kona ya chumba cha kulala, imefunikwa leso safi. Mayai alikwisha kuyazika chini ya migomba, akaniambia hakutaka mbwa wayafukue wala majirani wayaone. Alipasua mawili kwanza. Vifaranga walikuwa wamekamilika, alisema, mpaka kucha.

"Wenzangu wanasema nilikuwa nazima stima nisave tokeni," akasema. "Hawaniambii, lakini wanasema. Mimi sijazima hata dakika moja, msichana wangu. Hata kupiga pasi niliacha."

Nikamwambia tutajua. Nikaiwasha mashine tupu, nikachomeka waya wangu, nikaiweka kompyuta juu ya stuli. Adhuhuri yote draiva ya Afande iliongea kwa adabu zake. Kihisi yuko hewani. Joto limepokelewa. Cucu alikaa nami akimenya viazi, na kila baada ya muda akauliza kama yule ndani ameongea. Nikamwambia ameongea, anasema yuko salama. Alicheka, akasema hata mumewe hakuwa akitoa habari nyingi hivyo.

Saa kumi akainuka. "Wacha nikatie ng'ombe majani."

Nyuma ya nyumba alikuwa na ile mashine ya kukatakata majani ya napia, ya mota, ambayo kila boma lenye ng'ombe wa kufungiwa huku kwetu linayo. Waya wake ulitoka kwenye soketi ya jikoni, na stima ya nyumba nzima ni laini moja. Nilisikia swichi ikilia. Balbu juu ya kichwa changu ikafifia ikawa nyekundu, kisha ikarudi nusu. Kwenye kioo mstari ukajiandika.

"Kihisi hajibu. Naendelea na kipimo cha mwisho. Nasubiri amri."

Niliutambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake mwenyewe. Niliwahi kuuandika, herufi kwa herufi, nikitafuna mandazi.

Nikangoja kihisi kiamke. Ofisini kiliamka kila mara, ndiyo maana sikuwahi kujali. Cucu akamaliza kukata, mota ikanyamaza, balbu ikang'aa, na kihisi hakikuamka. Baada ya dakika moja ujumbe ukaja tena. Baada ya nyingine, tena. Hapo ndipo nilipoelewa. Ofisini programu yangu ilikata stima kila dakika tano na kuirudisha, na kile kihisi kilichoduwaa kilizinduka kwa kuzimwa. Nyumbani kwa Cucu hakuna aliyezima kitu kwa siku ishirini na moja, kwa kuwa tulimwambia asizime, naye alitii. Nikatia mkono ndani ya mashine. Hewa ilikuwa inapoa. Kwenye kioo cha mbele namba ilikuwa thelathini na saba na nusu, na hita ilikuwa imezimwa, kwa sababu draiva iliamini kuna joto la kutosha.

Siku nyingi kihisi kilistahimili mota ya Cucu, na tangu ile asubuhi kiliposhindwa draiva ilikuwa ikilalamika kila dakika. Kabla ya hapo ililalamika ofisini kila asubuhi, waya wangu ukauleta ujumbe mpaka mezani kwangu, na mimi nikauzibia masikio. Niliona aibu mpaka masikio yenyewe yakapata moto.

Cucu aliingia na majani yamemnata kwenye sweta. "Umepata?"

"Nimepata, Cucu."

"Ni nini?"

"Ni stima," nikasema. "Ile mota inavuta stima, mashine inachanganyikiwa."

Haikuwa uongo, na ndiyo maana ilinitoka kwa urahisi. Akaitazama ile mota kupitia mlango wa nyuma, akasema, "Kumbe ni mimi." Nikamwambia hapana, si yeye, lakini sikumwambia ni nani. Nikafungasha vitu vyangu haraka kuliko ilivyohitajika.

Jioni ile nyumbani kwangu, mtaa wa Skuta, nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu mpaka kesho yake. Niliweka ugali mezani, nikafungua kompyuta kando ya sahani, nikaifungua faili ya vyura na kuufuta mstari wa nne. Ilichukua chini ya dakika moja. Hakuna aliyeisoma faili ile isipokuwa mimi, na maneno ya majaribio yalikwisha kufutwa mzunguko baada ya mzunguko, miezi mitatu, kwa amri yangu mwenyewe. Katika dunia nzima ushahidi uliobaki ulikuwa mdomo wangu.

Nikajitetea, nikiwa wakili na hakimu. Nilijiambia kosa lilikuwa la Afande kweli. Draiva inayoshikilia kipimo cha zamani bila mwisho ni draiva mbovu, hata mwanafunzi anajua. Nilijiambia Bosi angeligundua tu hata bila mimi. Nilijiambia nami nina kodi ya nyumba na mama anayenitegemea. La kwanza lilikuwa kweli kabisa, na hilo ndilo lililonisumbua, kwamba nilikuwa na ukweli wa kutosha kujificha nyuma yake. Ugali ukapoa. Nikaurudisha ule mstari kwenye faili, kama ulivyokuwa, nikafunga kompyuta.

Asubuhi Afande alikuja amevaa shati lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama. Alikuwa na karatasi moja iliyojaa mwandiko wake wa bluu. Alikuwa ameandika taarifa, kama za kituoni: mimi fulani, wa mahali fulani, natamka kwamba sikubadilisha chochote baada ya majaribio. Chini alitia sahihi na tarehe. Aliiweka mbele ya Bosi, ikiwa imenyooka sawa na ukingo wa meza. Bosi hakuisoma.

Nilikuwa nimepanga kusema kabla ya mtu mwingine. Kisha Bosi akaanza, na mimi nikamwacha. Alisema hana ubaya na Afande. Alisema kampuni ni ndogo na jina likiharibika Mukurweini litaharibika mpaka Kirinyaga. Alisema mtu anaweza kukosea, lakini kukosea halafu ukatae ni kitu ingine. Maneno hayo yalikuwa yakinipita mimi yakimwendea Afande, naye aliyapokea amekaa wima, mikono juu ya magoti.  Hapo nikashindwa.

"Bosi, hakubadilisha kitu," nikasema. "Ni mimi."

Nikawaeleza yote. Nilieleza posho mill, kisha mota ya Cucu, kisha faili. Nilipotaja jina la faili Bosi alitaka kucheka, akaacha. Nikasema mpaka lile la kuufuta mstari jana, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nikaifungua faili nikawageuzia kioo waone, mistari minne, wa mwisho ukiwa ule wa Afande. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku zote nimedhani mtu wa hasira huwa jasiri. Sauti yangu ilikuwa ikitetemeka kama ya mtoto aliyevunja gilasi.

 Bosi akavuta ile karatasi ya Afande akaisoma, mwanzo hadi mwisho, akiwa ameinamisha uso.

Afande hakunitazama mimi. Aliitazama ile mistari minne. "Dada," akasema, "ilikuwa asubuhi ngapi?"

"Zote," nikasema. "Kila asubuhi posho mill ikifunguliwa."

"Kila asubuhi." Akavua miwani. "Mimi niliandika hiyo message kwa sababu sikujua tufanye nini kihisi ikinyamaza. Tuzime hita, tuwashe, tupige kengele? Sikutaka kuamua peke yangu, mayai si yangu. Nikasema, ikitokea kwa test, itatuambia inangoja amri, tukae sisi watatu tuamue. Nikangoja. Kila Ijumaa nakuja naangalia ukuta, naona haijatokea. Nikasema basi, hiyo kitu haitokeagi." Akavaa miwani tena. "Kumbe ilikuwa inaniita, na mimi niko hapo ukutani nakunywa chai."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya, ningelia au ningejibizana. Nilisema pole, na ikasikika ndogo sana. Akasema, "Kosa la draiva ni langu. Hiyo siwezi kukuachia wewe. Lakini ningeirekebisha."

Bosi aliandika mkataba mpya siku hiyohiyo, wa miaka miwili, na akamwomba Afande radhi mbele yangu, jambo ambalo kwa kijana wa umri wake na maringo yake halikuwa dogo. Mimi hakunifukuza. Aliniamuru nimpigie Cucu simu. Nikampigia, nikamwomba aniweke kwenye spika wenzake wakiwepo. Akawaita, wakaja wanne. Nikawaambia hakuzima stima hata dakika moja, wala kosa si la mota yake, ni langu, na Jumatatu tutaleta mayai mengine na mashine iliyorekebishwa. Mwanamke mmoja akasema, "Cucu, utusamehe." Mimi hakuna aliyeniambia lolote, na ilikuwa haki.

Kabla ya hapo tulikaa sisi watatu tukatoa amri ambayo draiva ilikuwa ikiisubiri tangu Aprili. Kihisi kikinyamaza kwa dakika moja, draiva ikikatie stima na kukiamsha. Kikiamka, iandike taarifa ya kawaida tu; kikikataa mara tatu, itoe onyo na kengele ilie mpaka mtu aje. Mazungumzo yenyewe hayakumaliza robo saa. Afande akaenda mezani kwake. Nilimsikia akibonyeza kibodi kwa vidole viwili, kama afanyavyo, na kila nilipoinua macho nilitazama saa, sijui kwa nini nilikuwa najitesa hivyo. Alianza saa tano. Saa tisa alikuwa amemaliza. Vifaranga wa wanawake wa Gakindu walihitaji kazi ya muda wa saa nne tu.

Akaja akaketi kwenye kiti kando yangu. "Iko tayari. Jaribu."

Nikaifuta faili yote ya vyura, mistari yote minne, naye akiona. Nikaanzisha mzunguko. Katikati yake nikaushika waya wa stima wa kihisi nikaulegeza kwa mkono, nikaurudisha, kisha nikangoja dakika zikaisha. Mstari ukatoka. Ulikuwa wa kijani.

"Imepita, Afande," nikasema.

Hakuinuka. "Hapana, dada," akasema kwa upole. "Nisomee."

Nikafungua maneno yote ya mzunguko ule, mistari mia na kitu, nikaanza kumsomea kwa sauti kutoka wa kwanza, hata ile ya upuuzi. Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande wangu, na kila nilipomaliza mstari alijibu kwa sauti ya chini, "Nimekupata," ndipo nikasoma unaofuata.